Maarifa ya Nyumbani: Nane na Nukta Nne ya Nini?

Katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, asubuhi huanza mapema. Kabla jua halijapanda juu ya milima iliyo mashariki ya mji, mafundi wa magari wamekwisha kufungua gereji zao, wachuuzi wanaelekea soko la Ruvumera, na akina mama wamekwisha kuteka maji na kubandika chai. Ni mtaa wa Waswahili wa tangu zamani, ambamo jirani humjua jirani, na habari ya mwanamke mja mzito si siri ya nyumba moja. Kwa hiyo mwanamke wa mtaa huo anaporudi kutoka kliniki, maswali humngoja mlangoni, na la kwanza huwa ni hili: wamekuambiaje?

Na uchukuliwe mfano wa mama kijana mwenye mimba ya miezi sita. Amerudi nyumbani na kadi yake, na ndani ya kadi hiyo, mbele ya neno damu, pameandikwa 8.4. Mama mkwe wake, mtu mzima aliyezaa na kuzalisha, hakuridhika na nambari. Alimketisha mkwewe penye mwanga wa mlango, akamvuta ukope wa chini kwa kidole gumba, akautazama kwa makini.

"Mwanangu, mbona wekundu naona upo? Hiyo nane na nukta nne ni ya nini?"

"Mama, wamesema ni damu. Wamesema ni kidogo."

"Ni kidogo kwa kipimo gani? Damu nayo siku hizi hupimwa kwa kibaba?"

Mkwe hakuwa na jibu, maana aliyempima alikuwa na foleni ndefu mbele yake na hakupata nafasi ya kumweleza. Akaiweka kadi mkobani pamoja na vidonge alivyopewa, na vidonge hivyo vikakaa humo siku tatu bila kuguswa.

Swali la mama mkwe huyo si swali la ujinga. Mtu akiambiwa kwamba ana homa ya nyuzi 39, anajua kwamba kipimajoto kiliwekwa kwapani. Akiambiwa kwamba mtoto ana uzito wa kilo 9, alimwona mtoto akining'inia katika mizani. Lakini tone moja la damu limechukuliwa katika ncha ya kidole, likaingia katika chumba cha maabara, na baada ya dakika chache likatoka likiwa nambari. Asiyeonyeshwa njia iliyopitiwa ana haki ya kushuku mwisho wa safari. Hapana budi basi njia hiyo ielezwe, na si ngumu, kwa sababu nusu yake hupitiwa kila siku katika jiko la kila nyumba.

NURU HUPOTEA WAPI?

Nuru ya jua huonekana kuwa nyeupe, lakini ndani yake zimo rangi zote. Mwaka 1666 mtaalamu wa Uingereza, Isaac Newton, alianza kuichunguza nuru ya jua kwa kuipitisha katika kipande cha kioo chenye pande tatu kiitwacho prizimu. Upande wa pili nuru ilitoka ikiwa imetandazwa kama upinde wa mvua: nyekundu, machungwa, manjano, kijani, buluu, hata urujuani. Kila mojawapo ya rangi hizo ni mawimbi ya nuru yenye urefu wake. Mawimbi ya nuru nyekundu ni marefu zaidi, na ya urujuani ni mafupi zaidi. Urefu huo ni mdogo mno, hata hupimwa kwa nanomita, na katika milimita moja zimo nanomita milioni moja. Nuru ya kijani, ambayo ndiyo yenye kazi kubwa katika habari hii, ina mawimbi ya nanomita 540 hivi.

Kitu chenye rangi huipokea nuru nyeupe, hufyonza baadhi ya rangi zilizomo, na huziachilia zilizobaki. Jicho huona zile zilizoachiliwa. Mafuta ya mawese yaliyo safi yana rangi ya machungwa iliyokolea kwa sababu karotini iliyomo ndani yake hufyonza nuru ya buluu. Jani la lengalenga ni la kijani kwa sababu hufyonza zaidi nyekundu na buluu. Hata maji matupu, yanayodhaniwa kuwa hayana rangi, hufyonza kidogo nuru nyekundu. Katika bilauri ufyonzaji huo hauonekani. Lakini katika Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kirefu kabisa ni mita 1,470, maji ni mengi, na nuru nyekundu humalizika karibu na juu, ilhali buluu huzama mbali zaidi. Ndiyo maana ziwa hilo, linapotazamwa kutoka Bujumbura kuelekea milima ya Uvira siku ya jua, huwa buluu iliyokolea.

Kwa hiyo rangi ya kitu ni ushahidi wa nuru iliyopotea. Anayejua ni nuru ipi iliyopotea anaweza kutambua ni kitu gani kilichoifyonza, na anayejua ni kiasi gani kilichopotea anaweza kuhesabu kitu hicho ni kingi kiasi gani. Maneno hayo mawili, ipi na kiasi gani, ndiyo msingi wa elimu ya kemia iitwayo spektroskopia ya ufyonzaji.

SOMO LA BILAURI ZA CHAI

Mama anayemimina chai hujua kwa macho kama imekolea au la. Akiitazama mbele ya dirisha, chai nyepesi hupitisha nuru nyingi, na chai nzito hupitisha kidogo. Anapima bila kujua kwamba anapima. Lakini je, chai ikiwa nzito mara mbili, nuru inayopotea nayo huwa mara mbili?

Na zipangwe bilauri zilizo sawa, moja nyuma ya nyingine, zote zikiwa na chai ya aina moja, kisha taa iwekwe nyuma yake. Ikiwa bilauri ya kwanza imezuia nusu ya nuru, wengi watadhani ya pili itamaliza nusu iliyobaki, na giza liwe kamili. Sivyo. Bilauri ya pili huzuia nusu ya kile kilichoifikia, basi hupita robo. Ya tatu huzuia nusu ya robo hiyo, basi hupita sehemu moja ya nane. Nuru huzidi kupungua lakini haiishi kwa mkupuo.

Jambo hilo lilielezwa na Mfaransa Pierre Bouguer mwaka 1729, aliyechunguza jinsi nuru inavyopungua ikipita katika vitu vinavyopenyeka. Mwaka 1760 Johann Heinrich Lambert aliliandika kwa hesabu kamili. Kisha mwaka 1852 Mjerumani August Beer akaongeza nguzo iliyokuwa imebaki: kuongeza unene wa maji yenye rangi ni sawa na kuongeza wingi wa rangi iliyomo. Bilauri moja ya chai iliyokolea mara mbili huzuia nuru sawasawa na bilauri mbili za chai nyepesi. Hadi leo kanuni hiyo huitwa kwa majina ya Beer na Lambert.

Ili hesabu iwe nyepesi, wataalamu hawatumii moja kwa moja sehemu ya nuru iliyopita, bali hutumia nambari iitwayo kiwango cha ufyonzaji, inayopatikana kwa njia ya logi. Nuru iliyopita ikiwa nusu, kiwango ni 0.3. Ikiwa robo, ni 0.6. Ikiwa sehemu moja ya nane, ni 0.9. Ikiwa sehemu moja ya kumi, ni 1. Msomaji ataona uzuri wake mara moja: bilauri moja 0.3, mbili 0.6, tatu 0.9. Nambari hupanda kwa hatua zilizo sawa kadiri rangi inavyoongezeka. Hapo ndipo nuru ilipogeuzwa kuwa mizani.

DAMU MBELE YA NURU

Damu ni nyekundu kwa sababu ya kitu kiitwacho himoglobini, kilichomo katika chembe nyekundu za damu. Ndani ya himoglobini imo madini ya chuma, na ni hicho chuma kinachoshika hewa ya oksijeni mapafuni na kuipeleka kila mahali mwilini: katika ubongo, katika misuli, na katika mji wa mimba anamokua mtoto. Mwenye himoglobini kidogo huchoka upesi, hupumua kwa shida apandapo kilima, huona kizunguzungu, na moyo wake humpiga mbio ili kufidia upungufu huo.

Mwaka 1862 mkemia Mjerumani Felix Hoppe-Seyler alipitisha nuru katika damu iliyotiwa maji, kisha akaitandaza kwa prizimu. Katika utepe wa rangi uliotokea palikuwa na mapengo ya giza, kama meno yaliyong'oka, upande wa manjano na kijani. Hapo ndipo himoglobini ilipokuwa imefyonza nuru. Miaka miwili baadaye, mwaka 1864, George Gabriel Stokes wa Uingereza alionyesha kwamba mapengo hayo hubadilika damu inapopokonywa oksijeni na hurudi inapopewa tena. Hivyo ilithibitika kwamba kitu kile kile chenye rangi ndicho kinachobeba hewa.

Kutokana na hayo hutoka jambo linaloshangaza wengi: kitu chekundu hakipimwi kwa nuru nyekundu, bali kwa nuru ya kijani. Damu huiacha nuru nyekundu ipite karibu yote, iwe ni nyingi au ni kidogo, kwa hiyo nuru hiyo haina habari ya kutoa. Nuru ya kijani ndiyo inayozuiliwa, na kupungua kwake ndiko kunakohesabika. Anayetaka kuhakikisha na achukue karatasi nyekundu ya nailoni inayopitisha mwanga, ile inayofungiwa peremende, atazame kwayo jani bichi. Jani litaonekana kama jeusi, kwa sababu nuru ya kijani iliyotoka katika jani imezuiwa na wekundu wa karatasi.

CHOMBO NA KAZI YAKE

Chombo kinachotumika maabara huitwa spektrofotometa, na ndugu yake mdogo, anayetumia vichujio vya rangi tu, huitwa kolorimita. Kwa nje vyaweza kufanana na redio ya mezani, lakini ndani kazi yake ni ya hatua tano zinazofuatana.

Kwanza ipo taa, aghalabu ya balbu yenye uzi, itoayo nuru nyeupe iliyotulia. Pili kipo kichagua rangi: kioo chenye rangi, au prizimu, au bamba lililochorwa mistari myembamba iliyosongamana sana, ambalo hutandaza nuru kama upinde wa mvua. Tatu upo ufa mwembamba unaoruhusu rangi moja tu kupita na kuzuia zilizobaki. Nne kipo kijichupa safi chenye upana wa ndani wa sentimita moja kamili, kinachotiwa kile kinachopimwa. Tano ipo seli inayogeuza nuru iliyopita kuwa umeme, na mshale au tarakimu zinazoonyesha kiasi chake.

Vyombo vya namna hiyo vilienea sana baada ya mwaka 1941, Arnold Beckman wa Marekani alipotoa spektrofotometa iliyoweza kutumiwa na maabara nyingi. Mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kupima vitamini A katika vyakula, jambo ambalo hapo kabla lilihitaji majaribio ya majuma mengi kwa panya.

Kwa kipimo cha damu, kanuni iliyokubaliwa na wataalamu wa mataifa mbalimbali katika miaka ya 1960 ilitokana na kazi ya Mmarekani David Drabkin. Mpimaji huchukua mikrolita 20 za damu, ambazo ni chini ya nusu ya tone, akazitia katika mililita 4 za dawa maalumu. Dawa hiyo huzipasua chembe za damu na kuigeuza himoglobini yote iwe ya namna moja, yenye rangi iliyotulia, inayofyonza vizuri nuru ya nanomita 540. Kabla ya yote huweka kijichupa chenye dawa tupu, isiyo na damu, na kukiamuru chombo kisome sifuri. Hatua hiyo ni sawa na ya muuza mchele mwaminifu anayepima kwanza chombo kitupu, ili mnunuzi asilipie uzito wa bakuli.

Baada ya hapo huweka kijichupa chenye kiasi cha himoglobini kinachojulikana. Na ichukuliwe kwamba kiasi hicho ni cha damu yenye gramu 12, na chombo kimesoma 0.40. Kisha huweka damu ya yule mama kijana wa Buyenzi, na chombo kinasoma 0.28. Hesabu iliyobaki ni ya mtoto wa shule ya msingi: 12 mara 0.28, ugawe kwa 0.40. Jibu ni 8.4.

Hilo ndilo jibu la mama mkwe. Nane na nukta nne ni gramu za himoglobini katika kila mililita 100 za damu ya mkwewe, yaani kiasi cha nusu bilauri. Damu imepimwa kwa kibaba kweli, ila kibaba chenyewe ni nuru.

JICHO HUKOSEA, NA CHOMBO HUKOSEA

Desturi ya kutazama ukope na viganja si ya kudharauliwa. Waganga na wauguzi nao huifuata, na weupe uliozidi katika ukope ni dalili ya hatari ambayo haipaswi kungoja maabara. Lakini jicho ni mpimaji anayezoea upesi. Chini ya taa ya manjano kila kitu huwa chekundu zaidi. Macho yenye vumbi au moshi wa jikoni huwa mekundu kwa sababu nyingine kabisa. Tena jicho hutambua vizuri kilichozidi sana na kilichopungua sana, lakini kati ya gramu 8 na gramu 11 hulegea, na hapo ndipo walipo akina mama wengi wenye upungufu usiojulikana.

Wataalamu wenyewe walipitia njia ya jicho. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilitumika njia ya Sahli, ambamo damu hugeuzwa kahawia kwa asidi na kulinganishwa na kioo cha kahawia, maji yakiongezwa tone kwa tone hata rangi zilingane. Watu wawili walioitazama damu moja waliweza kutoa majibu mawili. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilitengeneza kadi yenye vivuli sita vya wekundu, kuanzia gramu 4 hadi 14, kwa vituo visivyo na umeme wala chombo. Kadi hiyo ni bora kuliko jicho tupu, lakini haifikii chombo.

Hata hivyo chombo nacho si malaika. Alama ya kidole juu ya kijichupa huzuia nuru, na chombo huihesabu kama damu. Povu na ukungu katika dawa hufanya vivyo hivyo. Kidole kikikamuliwa kwa nguvu, maji ya mwili huchanganyika na tone, na damu huonekana kidogo kuliko ilivyo. Dawa iliyozeeka hutoa jibu la uongo, na umeme unaoyumba huitikisa taa. Kwa sababu hizo mpimaji anayepangusa kijichupa kwa kitambaa safi, anayefuta tone la kwanza na kuchukua la pili, na anayeanza kwa sifuri kila siku, hapotezi wakati wa wagonjwa. Analinda ukweli wa nambari. Dawa ya Drabkin ina sianidi kidogo, ambayo ni sumu, kwa hiyo haimwagwi ovyo wala haichanganywi na asidi.

Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Sweden walitoa kifaa kidogo kinachoendeshwa kwa betri, chenye kijichupa cha plastiki ambacho ndani yake dawa kavu imekwisha kutiwa. Hufyonza mikrolita 10 za damu na kutoa jibu kwa muda mfupi. Hupima kwa nuru za namna mbili: moja ya nanomita 570 inayofyonzwa na himoglobini, na nyingine ya nanomita 880, isiyoonekana kwa macho, inayotumika kusahihisha ukungu uliomo. Vifaa vya namna hiyo vimeupeleka upimaji mbali na miji mikubwa, mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha.

Kanuni hiyo hiyo inatumika katika mambo mengine yanayoigusa nyumba. Klorini iliyomo katika maji ya bomba hupimwa kwa kutia dawa inayogeuza maji kuwa ya waridi, na kadiri klorini inavyozidi, ndivyo uwaridi unavyokolea na nuru inavyopungua. Kwa mji wa Bujumbura, unaokunywa maji ya Ziwa Tanganyika yaliyosafishwa, kipimo hicho ni ngao dhidi ya kipindupindu. Na kile kibano kinachobanwa kidoleni mwa mgonjwa hospitalini hupitisha nuru nyekundu na nuru isiyoonekana katika kidole, kikapima oksijeni bila kutoboa ngozi. Msingi wake ni ule ule alioonyesha Stokes mwaka 1864.

NAMBARI IKISHAJULIKANA

Kwa mwanamke mja mzito, Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa gramu 11, na katika miezi mitatu ya katikati gramu 10.5. Aliye chini ya mpaka huo ana upungufu wa damu, na aliye chini ya gramu 7 yuko katika hatari kubwa na anahitaji hospitali bila kuchelewa. Mama mwenye 8.4 hayuko katika kundi la mwisho, lakini hana akiba. Kila uzazi una damu yake inayomwagika. Mwenye akiba aweza kupoteza nusu lita akabaki na nguvu za kumnyonyesha mtoto, lakini asiye na akiba aweza kupoteza kiasi hicho hicho na kuzimika. Jambo hilo halingoji siku ya uchungu ndipo lishughulikiwe. Hushughulikiwa katika mwezi wa sita, wakati bado ipo miezi ya kujaza ghala.

Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki humezwa kila siku kama ilivyoagizwa. Huweza kuleta kichefuchefu kidogo na kugeuza choo kuwa cheusi, jambo lisilo na madhara, wala si sababu ya kuviacha. Malaria huangamiza chembe nyekundu za damu, kwa hiyo chandarua chenye dawa hutumika kila usiku, na dawa za kinga zitolewazo kliniki zisikataliwe. Minyoo ya safura hunyonya damu matumboni, na kliniki hutoa dawa yake baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba.

Katika chakula, nyama, maini na samaki hutoa chuma ambacho mwili hukipokea kwa urahisi. Ndagala wa ziwani, ambao bei yao aghalabu huwa nafuu kuliko ya nyama, wanafaa sana. Maharage, sombe na lengalenga vina chuma pia, ila mwili hukipokea kwa shida, na ndimu au chungwa linaloliwa pamoja navyo husaidia. Hapa lazima ile chai itajwe tena. Vitu vile vile vinavyoipa chai ukali wake hukishika chuma cha chakula tumboni na kukizuia kisiingie mwilini. Mama mwenye upungufu asinywe chai wala kahawa pamoja na mlo au pamoja na vidonge. Aiache ikae kando, ainywe saa moja au mbili baadaye.

Zaidi ya yote, nambari moja peke yake ni habari nusu. Faida ya kupima kwa nuru ni kwamba kipimo cha leo kinaweza kulinganishwa na cha mwezi ujao, jambo ambalo ukope hauwezi, kwa kuwa hakuna awezaye kuukumbuka wekundu wa mwezi uliopita. Kwa hiyo mama anayepimwa aulize nambari yake, ahakikishe imeandikwa kadini pamoja na tarehe, na aulize pia itapimwa tena lini. Haki hiyo ni ya mtoto vilevile, maana upungufu wa damu huwapata watoto wengi, na nchini Burundi matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano na huduma za kujifungua katika vituo vya umma vilifanywa kuwa bila malipo mwaka 2006.

Yule mama kijana alielezwa maana ya nambari yake na muuguzi aliyekuwa na subira, naye akamweleza mama mkwe wake kwa bilauri za chai juu ya meza. Mama mkwe alitazama, akanyamaza, kisha akavitoa vidonge mkobani mwa mkwewe na kuviweka juu ya kabati, mahali panapoonekana. Tangu siku hiyo chai ya chakula cha mchana ilisogezwa hadi alasiri kwa amri yake. Baada ya majuma sita mkwe alirudi kliniki, na alipoingia mlangoni hakuvutwa ukope.

"Ngapi?" aliulizwa.

"Kumi na nukta mbili, Mama."

"Bado nukta nane ifike kumi na moja," akasema mama mkwe, akaenda kuosha ndagala.